Taa za Kuangalia Rangi Nyeusi

Kagarama, Kigali
2 Juni 2025

Mwanangu Kaliza,

Najua utacheka kuona karatasi. Simu siku hizi inanichosha, maandishi yake yamekuwa madogo kama chawa, na hapa gereji kelele za mashine haziachi watu kuelewana. Eddie anaondoka na basi lake la Dar kesho, nimempa bahasha hii akufikishie dukani.

Nina shida ya taa. Wewe unauza taa Kariakoo, basi nisaidie kama unavyowasaidia wateja wengine. Kuna mama mmoja wa Kanombe, anaitwa Médiatrice, anakodisha magari kwa maharusi. Yote meusi. Amekubali kunijaribu kwa gari moja: niondoe mikwaruzo yote na kulipiga polishi mpaka bibi harusi ajione mlangoni. Likimpendeza, ataniletea na mengine. Lisipompendeza, atakwenda kwa wale wa Remera wenye gereji ya vioo.

Rangi nyeusi haina huruma. Nyeupe inakufichia makosa, nyeusi inangoja gari lifike juani ndipo ikuaibishe. Na taa zangu za tyubu za darini zinamwaga mwanga kila upande, kila kitu kinaonekana laini. Ile mikwaruzo ya duara, inayofanana na utando wa buibui, haijitokezi mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Juzi nilimkabidhi mwalimu mmoja gari lake nikiamini ni safi. Alirudi nalo mchana uleule. Tangu nifungue gereji hii sijawahi kurudishiwa gari.

Usumani anasema tyubu hizi na tochi ya mkononi zinatosha. Ni fundi mzuri, nimemfundisha mwenyewe, lakini hapendi kitu kipya. Nitafutie taa za ukutani, zenye nguvu kuliko zote.

Baba yako,
Jean-Berchmans


Dar es Salaam
8 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Nimecheka, ndiyo. Eddie alinikabidhi bahasha mbele ya wateja kama posa.

Zenye nguvu kuliko zote sikutumii. Gari jeusi lililong'aa ni kioo. Ukiliwashia taa kali mno litakurudishia mwanga machoni na hutaona kitu. Wateja wengi wanauliza wati tu, ila kwa kazi yako cha muhimu ni taa ionyeshe rangi kama jua linavyoionyesha. Nimezijaribu kwa vitambaa vya kitenge, nikachagua zile ambazo chini yake zambarau haigeuki bluu.

Ndani ya boksi utakuta taa ndefu nyembamba za ukutani. Zifunge usawa wa vitasa vya milango, siyo juu, na uzielekeze ziupite mlango kwa ubavu. Zina swichi ya rangi mbili, nyeupe kama ya saa sita mchana na ya manjano kama ya jioni. Kagua kwa zote mbili, maana kinachojificha kwenye moja hujitokeza kwenye nyingine. Unapokagua, zima za darini. Na ukuta wa nyuma upake kijivu kisichong'aa, usije ukaona ukuta ukadhani ni mkwaruzo.

Jambo jingine. Mistari yako inapandana, Baba. Kuna mahali umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuandika. Ulikuwa unaandikia kwenye basi la Eddie? Nipigie simu nisikie sauti yako.

Mwanao,
Kaliza


Kagarama
15 Juni 2025

Kaliza,

Taa zimefika na nimezifunga kama ulivyosema. Walikuuzia vibaya. Kila taa ina duara kuizunguka, lenye rangi kama za upinde wa mvua, na asubuhi kunapokuwa bado giza humu ndani ndipo linazidi. Nimezifuta vioo kwa spiriti, duara liko palepale. Nikifanya kazi chini yake kichwa kinauma upande wa kushoto mpaka natapika. Nimemwambia Usumani aangalie, anasema haoni duara lolote. Anajua anachokifanya.

Na hilo ndilo nataka kukwambia, maana wewe ni mwanangu. Jumatano nilifika mapema kuliko kawaida nikamkuta ameshawasha mashine. Alikuwa anaurudia mlango nilioumaliza mimi jana yake. Mlango wangu. Nilipomuuliza, alisema alimwaga dawa ya polishi kwa bahati mbaya. Uongo. Tena siku hizi wateja wakifika wanauliza, "Usumani yuko?" Hawaniulizi mimi. Nilimchukua akiwa anafuta vioo vya magari stendi ya Nyabugogo, nikampa mashine mkononi. Sasa ananionyesha kwa watu kama mzee asiyejua kazi, ili siku moja gereji iwe yake.

Boneti ya gari la Médiatrice imebaki na ukungu upande mmoja. Nasugua, haitoki. Nitumie taa nyingine, dhaifu kidogo, zisizo na duara.

Jean-Berchmans


Dar es Salaam
20 Juni 2025

Kaka Usumani,

Barua hii inakuja kwako kwa mkono wa Eddie, na Baba hajui.

Ulikula kwetu. Mama alipofariki, wewe ulibeba jeneza upande mmoja na mjomba wangu upande wa pili. Kwa hiyo naandika kama ndugu na nataka unijibu kama ndugu. Kwa nini unarudia kazi za Baba kwa siri? Kwa nini unamwambia huoni kitu ambacho yeye anakiona? Kama unataka gereji yako mwenyewe, nenda ukafungue, hakuna atakayekuzuia. Lakini usimfanye mzee aonekane mjinga ndani ya nyumba aliyoijenga.

Nilikupigia, ukasema uko kwa mteja na utanipigia. Hukupiga.

Kaliza


Kigali
23 Juni 2025

Dada Kaliza,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari ya mtu, sikutaka Muzehe, baba yako, anione. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe.

Taa zako iko mzuri. Duara hakuna. Nimeangalia asubuhi, nimeangalia jioni, nimeita na mama wa duka ya jirani akaangalia. Hakuna.

Muzehe haoni, dada. Mbele anaona, ukimpa kitu mkononi anaona. Upande wa kushoto hakuna kitu. Ukiweka ndoo kushoto ataipiga teke. Anasugua boneti upande wa kulia inakuwa kioo, upande wa kushoto anaruka mahali, halafu pengine anakaa hapohapo na mashine mpaka vanishi ya juu ya rangi inaungua. Ile ukungu anayoisema haiko kwenye gari. Mimi naiona boneti, iko safi, na imekuwa nyembamba sababu hataki kuiacha.

Ndiyo, narudia kazi yake. Nimeanza tangu mwalimu alirudisha gari. Nakuja asubuhi kabla yake nafuta makosa ili klien anayekuja kuchukua gari asimseme. Ningefanya nini? Mtu aliyekufundisha kuona, utamwambiaje kwamba haoni? Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Muzehe, twende tupime macho, mimi pia yananiuma." Akasema, "Nenda wewe mwenye macho mabovu."

Gereji siitaki. Ukimwambia nimekuandikia, atanifukuza, na nikiondoka hakuna wa kusimama upande wake wa kushoto.

Ijumaa ya tarehe nne Médiatrice anakuja kuchukua gari.

Usumani


Dar es Salaam
27 Juni 2025

Baba yangu,

Nimekupigia simu tangu jana na unakata. Basi soma hii mpaka mwisho, nakuomba.

Nimechukua taa kutoka boksi lilelile lililokuja na zako, nimeifunga dukani, nimezima nyingine zote. Nimewauliza wenzangu, nimewauliza wateja, nimemuuliza na mbeba mizigo. Hakuna aliyeona duara. Jioni nikamsimulia mama mwenye nyumba ninayopanga, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Alisema, "Baba yako anaumwa kichwa upande mmoja? Anatapika?" Nikasema ndiyo. Akasema ni presha ya macho, na kwamba yeye alianza hivyohivyo, na kwamba jicho lake la kulia analivaa tu kama kifungo cha shati. Alisema kinachokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa ukiwahi. Alinishika mkono akasema, "Usimwandikie taratibu."

Kwa hiyo siandiki taratibu. Nenda kwa daktari wa macho. Nenda kesho. Gari la Médiatrice liache, ule mlango Usumani ameshautengeneza, na boneti usiiguse tena, imekuwa nyembamba. Usiendeshe gari, hata ndani ya uwanja. Upande wako wa kushoto huuoni, Baba.

Sitaki gereji. Nakutaka wewe.

Kaliza


Kagarama
1 Julai 2025

Kaliza,

Nimesoma mpaka mwisho.

Umejuaje kwamba boneti imekuwa nyembamba? Mimi sikukwambia. Umejuaje habari za upande wa kushoto? Kumbe mnaandikiana. Mmekaa, wewe huko na yeye hapa, mmenipima kama gari linalotafutiwa bei.

Macho haya yamekusomesha. Nilikuwa naingia kwenye gari la mtu naona limewahi kugongwa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Leo mama mwenye nyumba wa Dar, asiyejua hata sura yangu, ananiambia ninaona nini.

Usumani nimemwambia amalize wiki hii aondoke. Hakujitetea, na hiyo inatosha kuwa ushahidi. Taa zako nimezifungua ukutani, Eddie atakurudishia. Ijumaa nitalikabidhi gari la Médiatrice mwenyewe, nitalitoa mwenyewe mpaka juani, na ataona kazi ya nani ni ya nani.

Jean-Berchmans


Dar es Salaam
6 Julai 2025

Baba,

Usumani alinipigia jana kutoka hospitali. Alisema mguu wake umevunjika chini ya goti, na kwamba gari liliserereka lenyewe, breki ya mkono haikushika. Nikamuuliza, nani alikuwa ndani ya gari? Akasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, nilikuwa nasikia hata manesi wakiongea nyuma yake.

Nimempigia Médiatrice. Namba yake Eddie alinisomea kutoka kwenye mabango yake ya harusi. Alisema, "Muulize baba yako, mwanangu. Mimi si mtu wa kusimulia hilo."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nani alikuwa anaendesha?

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja mara tu watakaponiruhusu. Usinirudishie barua ya hasira, sina nguvu ya kuisoma.

Kaliza


Kagarama
10 Julai 2025

Mwanangu,

Ni mimi niliyekuwa naendesha.

Médiatrice alifika mchana na dada yake. Gari lilikuwa ndani, kivulini. Nilitaka walione linatoka likiingia juani, uzuri wa rangi nyeusi uko pale. Usumani alinyoosha mkono akasema, "Muzehe, nipe ufunguo." Alisema kwa upole. Mimi nilimjibu mbele ya wageni kwamba gereji ni yangu, na yeye ni mfanyakazi mpaka jioni tu. Nikaingia nikawasha.

Yeye akaenda nyuma kushoto, kwenye nguzo ya geti, kuniongoza. Alijua, Kaliza. Alisimama pale kwa sababu alijua kwamba pale ndipo sioni. Nikaangalia kioo cha kushoto nikaona ukuta, nikaona geti, sikumwona yeye. Nikarudi nyuma. Alikuwa anasema "ngoja, buretse, buretse," naye alisikika kama yuko mbali. Kisha kikaja kishindo kidogo. Nilidhani ni ndoo. Nikaongeza mafuta kidogo ili niisukume ipite.

Siwezi kuandika vizuri sehemu hiyo. Médiatrice alipiga kelele, nikazima. Niliposhuka nilikuta mguu wa Usumani uko kati ya bampa na nguzo. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia mimi, akasema, "Sogeza mbele, Muzehe, taratibu." Nilishindwa. Médiatrice aliingia akalisogeza mwenyewe, tukamlaza kiti cha nyuma, akatuendesha hospitali na gari lilelile. Damu ilienea kwenye viti.

Polisi wa barabarani walipokuja wodini, Usumani aliwaambia gari liliserereka. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Aliposema hivyo alinibana mkono, ninyamaze. Walipoondoka niliwafuata mpaka kwenye ngazi, sikuziona vizuri, nikashuka nimeshika ukuta. Nikawaambia, "Ndugu zangu, yule anasema uongo kwa ajili yangu. Nilikuwa naendesha mimi na upande wa kushoto sikuona." Mmoja alikunja karatasi yake akaniuliza, "Mzee, mimi nimesimama upande gani?" Kulikuwa na sauti mbili na nilikuwa namwona mtu mmoja tu. Nikatoa leseni nikampa kabla hajaiomba. Kesi wataiamua wao, nimesema nitafika kila watakaponiita.

Tangu mwaka jana nimekuwa najua kuna kitu. Nilikuwa nadhani nikipata taa nzuri, kitaondoka. Kila taa mpya ilinipa siku kadhaa za kuamini.

Kesho asubuhi nakwenda kwa daktari wa macho. Mke wa Usumani ndiye anayenipeleka. Nilipomwendea nyumbani kwake Biryogo kumwomba msamaha, alinisikiliza mpaka mwisho, hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza tu, "Nani atakupeleka hospitali?" Akachukua mtandio wake akaenda kuuliza siku za kliniki.

Baba yako


Kagarama
24 Julai 2025

Kwa Kaliza,

Mwandiko huu ni wa Usumani, maneno ni ya baba yako. Daktari amenikataza kukaza macho kwa sasa, na huyu hana la kufanya, amekaa juu ya kiti na mguu wake wa plasta kama chifu.

Ni ile presha iliyosemwa na mama mwenye nyumba wako. Mpe salamu zangu, mwambie nilimdharau na nimekoma. Jicho la kushoto limekwenda, limebakiza kidogo tu katikati. La kulia wamelitoboa tundu dogo kwa mwanga wa mashine, maji yapate pa kupitia, na nimepewa dawa ya matone ya kutia kila siku mpaka nife. Daktari, binti mdogo, aliniambia, "Ningekuona Januari tungezungumza mengine." Akasema pia, "Ungekuja Desemba ijayo, tusingezungumza kabisa." Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi muda mrefu. Mke wa Usumani alikaa pembeni yangu. Kisha akanunua maandazi.

Médiatrice amepeleka magari yake Remera. Sikumlaumu. Alikuja kumwona Usumani, na mimi alinisalimia kwa mkono, akaondoka.

Taa zako hazijarudi Dar. Eddie sikuwahi kumkabidhi. Jana tumezifunga upya. Mara ya kwanza nilizifunga kwa macho yangu, kumbe nilikuwa nazigeuza zote zielekee kulia. Safari hii Usumani alikaa katikati ya gereji na magongo yake, akawa ananielekeza: shusha, inamisha, hapo, rudisha. Tulileta gari jeusi la jirani, akaniambia anaona utando wa buibui kwenye mlango wa nyuma, anaona alama ya kidole, anaona mahali palipopigwa rangi upya. Mimi nilikuwa naona gari jeusi. Nilimwambia aendelee kutaja.

Tumekubaliana hivi. Kukagua na mashine ni vyake. Mimi naosha, na kabla ya mashine napitisha mkono wenye glavu nyembamba ya hospitali juu ya rangi. Uchafu ulionasa kwenye vanishi vidole vinausikia hata macho mazima yasipouona. Ufunguo wa gari siugusi. Na jina lake tutaliandika ukutani chini ya langu.

(Dada, mimi Usumani nasema: nimemwambia jina si lazima. Anasema niandike tu. Pia anasahau matone mchana, mke wangu anampigia kila siku kumkumbusha. Mguu unapona.)

Muulize huyu kama amenisamehe. Mimi nimeshamuuliza, akasema, "Muzehe, shika taa vizuri."

(Nilisema hivyo kweli.)

Eddie anasema umekata tiketi ya Jumamosi ya wiki ijayo. Usibebe taa nyingine. Nitakuwa Nyabugogo, pale basi lake linaposhushia watu, na nitakuja mapema kwa sababu nataka kusimama mahali penye jua. Kutakuwa na watu wengi na mizigo. Usiniite kwa mbali, nitageuka kila upande nikikutafuta na nitajikwaa. Shuka polepole, uje mpaka karibu, usimame upande wangu wa kulia.

Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe.

Baba yako,
Jean-Berchmans